Mche haulipi deni la mti mkubwa: miti ya mtaani na afya zetu za miaka mingi

Kivulini (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Huu uzi utakuwa mrefu, mnivumilie. Mtaani kwetu kuna uwanja wa wazi uliokuwa na miti mikubwa tisa. Saba imekatwa kwa siku mbili ili papatikane maegesho ya magari. Miwili iliyobaki imeshapigwa alama ya rangi nyekundu. Tulipouliza tukajibiwa kwamba miche itapandwa pembezoni, tena mingi kuliko miti iliyoondoka. Wengi tukaridhika. Hata mimi niliridhika, hadi nilipoona mama ameanza kushinda ndani.

Mama ana miaka sabini na kitu na ana presha. Kila jioni alikuwa anatoka na fimbo yake, anazunguka mara tatu chini ya ile miti, kisha anakaa kwenye gogo na wenzake mpaka giza liingie. Siku hizi hatoki. Hakuna aliyemkataza. Saa kumi na moja jioni pale chini bado panafukuta, gogo halipo, na wale wenzake kila mmoja kajifungia kwake. Juzi saa mbili usiku niliweka kiganja kwenye ukuta wetu unaotazama uwanja. Jua lilikuwa limezama muda mrefu, lakini ukuta ulikuwa bado na joto kama la mgonjwa mwenye homa.

Nikaanza kusoma. Nilitaka kujua kama huzuni yangu ni ya kupendezwa na miti tu, au kuna jambo la afya hapa. Nimekuta tafiti nyingi kuliko nilivyotarajia, na nimeshawishika kwamba tunafanya hesabu mbaya.

Naanza na ule ulionigusa zaidi. Huko Tokyo, watafiti waliwafuatilia wazee 3,144 waliozaliwa miaka ya 1903, 1908, 1913 na 1918. Waliwafuatilia kwa miaka mitano, kuanzia 1992, kuona nani yu hai na nani amefariki. Wazee waliokuwa na sehemu za kijani za kutembea karibu na nyumbani, pamoja na barabara zenye miti, walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa hai mwishoni mwa ile miaka mitano. Hilo lilibaki hivyo hata baada ya kuzingatia umri, jinsia, ndoa na hali ya maisha. Nilipousoma nilimwona mama na fimbo yake.

Wa pili ni wa wauguzi wa kike wa Marekani, 108,630, waliofuatiliwa kuanzia 2000 hadi 2008. Ukijani wa makazi yao ulipimwa kwa setilaiti. Jani lenye afya hunyonya mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi ambao macho yetu hayauoni, kwa hiyo ukilinganisha hiyo miwili unajua eneo lina mimea kiasi gani. Waliangalia mita 250 tu kuzunguka nyumba. Waliokaa kwenye ukijani mwingi zaidi walikuwa na kiwango cha vifo pungufu kwa asilimia 12 kuliko waliokaa kwenye ukijani mdogo zaidi, na hapo uvutaji sigara, umri na hali ya uchumi vilishazingatiwa. Njia zilizoonekana kubeba sehemu kubwa ya faida hiyo ni afya ya akili na kuchangamana na watu. Yaani lile gogo la mama na wenzake.

Karibuni mnikosoe.

Nipe Ushahidi

Mkuu, pole kwa mama. Ila nikuulize bila kukuudhi. Wenye nacho ndio wanaokaa penye miti. Wana bima, wanakula vizuri, hawabebi zege. Sasa wakiishi miaka mingi tuseme ni miti? Hata hao wauguzi, anayeweza kuchagua mtaa mzuri tayari ana unafuu wake. Hizo tafiti zinasema "tumezingatia kipato", lakini kipato si kila kitu.

Kivulini

Hoja yako ina mashiko, na ndiyo iliyonikalisha usiku mwingi kuliko zote. Ukimlinganisha wa mtaa huu na wa mtaa ule, huwezi kumaliza ubishi. Inabidi upate mahali ambapo watu ni walewale na nyumba ni zilezile, kilichobadilika ni miti peke yake.

Hilo limewahi kutokea, kwa bahati mbaya. Mwaka 2002 karibu na Detroit, Marekani, aligunduliwa mbawakavu mdogo wa rangi ya kijani inayong'aa, asili yake Asia ya mashariki. Buu lake hula chini ya gome la mti wa ash, mti wa kivuli uliokuwa mwingi kwenye mitaa ya huko, linachimba njia za kupindapinda hadi mti ushindwe kupitisha maji na chakula. Unaanza kukauka juu, na baada ya miaka michache umekufa. Katika miaka ile miti ipatayo milioni 100 ilikufa. Kuna mitaa iliyokuwa imefunikwa kivuli kama handaki, ikabaki wazi mwanzo mpaka mwisho.

Mtafiti Geoffrey Donovan na wenzake walichukua takwimu za vifo za 1990 hadi 2007 kutoka majimbo 15, wakaangalia kilichotokea kaunti baada ya kaunti (kaunti ni kama wilaya) kadiri yule mdudu alivyosambaa. Walikuta vifo vya ziada 15,080 vya magonjwa ya moyo na mishipa ya damu, na 6,113 vya magonjwa ya njia ya chini ya hewa. Kadiri mdudu alivyokaa muda mrefu katika kaunti, ndivyo athari ilivyoongezeka.

Halafu kuna hili ambalo nadhani linakujibu moja kwa moja: athari ilikuwa kubwa zaidi katika kaunti zenye kipato cha juu ya wastani. Wenye nacho walibaki na bima zao na chakula chao, walichopoteza ni miti. Mdudu haulizi nani ana nini.

Nipe Ushahidi

Hapo umenigusa. Bado huo si majaribio kamili, lakini ni mgumu kuupuuza. Je, kuna aliyewahi kujaribu kwa kugawa makundi kwa bahati nasibu, kama wanavyojaribu dawa?

Kivulini

Yupo, na huu ndio ninaoupenda kuliko yote kwa sababu ni wa vitu vidogo. Philadelphia, Marekani, walichukua viwanja 541 vilivyotelekezwa, vimejaa takataka na magugu. Wakavigawa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi la kwanza viwanja vilisafishwa, vikasawazishwa, vikapandwa majani na miti michache, vikazungushiwa uzio mfupi wa mbao, na watu wakawa wanakuja kuvitunza mara kwa mara. Kundi la pili takataka ziliondolewa tu. La tatu halikuguswa.

Wakazi 442 waliulizwa hali zao kabla na baada, kwa kipindi cha miezi 18 kila upande. Karibu na viwanja vilivyopandwa, waliosema wanajisikia kuwa na sonona walipungua kwa asilimia 41.5 ukilinganisha na kundi ambalo halikuguswa. Kwenye mitaa maskini upungufu ulifika asilimia 68. Kwenye viwanja vilivyosafishwa tu, hapakuwa na unafuu wa kueleweka. Usafi peke yake haukutosha. Ni majani, miti michache na mtu wa kuvitunza.

Zamu ya Usiku

Mimi ni muuguzi, naomba nichangie kidogo. Somo la dirisha tulifundishwa chuoni. Roger Ulrich alichapisha mwaka 1984 katika jarida la Science. Alipitia mafaili ya wagonjwa wa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, akawapanga jozi 23 wanaofanana. Mmoja wa kila jozi dirisha lake lilitazama miti, mwenzake lilitazama ukuta wa matofali. Wa miti walikaa wodini wastani wa siku 7.96, wa ukuta siku 8.70, na wa miti walihitaji dozi chache za dawa kali za maumivu. Najua ni watu wachache. Lakini kwa aliyewahi kukaa na mgonjwa saa tisa usiku akikodolea macho ukuta, hizo namba hazimshangazi.

Mleta uzi, mama yako kuacha kutembea kusikupite hivi hivi. Mzee akikaa kitako wiki kadhaa, misuli ya mapaja inaondoka haraka kuliko mnavyodhani, na kuirudisha ni kazi. Mtafutie njia nyingine hata ya asubuhi mapema.

Kivulini

Asante sana dada. Kuanzia kesho alfajiri nitakuwa natoka naye.

Mkazi wa Kona

Jamani, mimi niseme ambacho wengi hawasemi. Kwetu palikuwa na msitu mdogo hivi, ukipita magharibi unapita unakimbia. Vibaka, mbu, watu wanajisaidia humo. Ulipofyekwa tulishangilia. Sasa mnataka kuniambia nilikuwa naukosa uhai?

Kivulini

Ndugu yangu, sikupingi hata kidogo. Sehemu ya kijani ambayo mtu anaiogopa haimpi afya, inampa moyo wa kudunda. Ndiyo maana nimetaja ule uzio mfupi wa Philadelphia. Ulikuwa mfupi ili mtu aone ng'ambo, na aliyepita ajue hapa pana mwenyewe. Maji yaliyotuama yanazalisha mbu yawe chini ya mti au kwenye tairi bovu. Na chavua ya baadhi ya miti inawatesa wenye pumu, hilo nalo ni kweli.

Pia si kila cha kijani kina faida sawa. Huko Australia, katika miji ya Sydney, Newcastle na Wollongong, walifuatiliwa watu wazima 46,786 kwa takriban miaka sita. Waliokaa mahali ambapo matawi ya miti yalifunika asilimia 30 au zaidi ya ardhi walikuwa na uwezekano pungufu kwa asilimia 31 wa kupata msongo mkali wa akili. Wale ambao ukijani wao ulikuwa nyasi tupu hawakupata unafuu huo, na kwao hali ilionekana mbaya zaidi. Nyasi za kutazama, hazina kivuli, hazina pa kukaa. Kwa hiyo uwanja wenu ukifyekwa ukabaki kapeti la kijani, mmepoteza kitu pia. Pungeni matawi ya chini, wekeni taa, acheni mashina yasimame.

Fundi Bomba

Mkuu, mimi swali langu ni la kawaida. Mti unafanyaje hiyo kazi? Maana tunaambiwa unasafisha hewa, basi.

Kivulini

Hewa ndiyo husemwa sana, na nadhani tumeikuza kupita kiasi. Majani hukamata vumbi, ndiyo, lakini kwenye barabara nyembamba yenye majengo marefu pande zote miti iliyosongamana inaweza hata kuzuia moshi wa magari usitoke. Kama sababu pekee ya kupanda ni hewa, bora kupunguza moshi wenyewe.

Kazi kubwa ninayoiona mimi ni joto. Mti unapoza kwa njia mbili. Kwanza kivuli: jua halifiki kwenye lami na ukuta, kwa hiyo havina cha kutunza hadi usiku. Pili, chini ya kila jani kuna vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na kupitia hivyo maji yanayopanda kutoka mizizini hugeuka mvuke. Kugeuka kwake mvuke kunachukua joto la hewa inayozunguka. Ni kama jasho letu. Mti mkubwa wenye maji ya kutosha unatoka jasho kutwa nzima kwa niaba ya mtaa. Watafiti waliopiga hesabu za miji 93 ya Ulaya walikadiria kuwa vifo 6,700 vya kiangazi cha 2015 vilitokana na miji kuwa na joto kuliko maeneo yanayoizunguka, na kwamba vifo 2,644 kati ya hivyo vingeepukika kama miti ingefunika asilimia 30 ya miji hiyo. Kwa mzee mwenye moyo dhaifu, usiku usiopoa nao ni hatari, kwa sababu mwili haupati nafasi ya kupumzika.

Njia nyingine nazipitia haraka: watu hutembea zaidi palipo na pa kutembea, kelele za barabara hupungua makali, na akili iliyochoka hutulia.

Kuna moja ya ajabu. Finland walichukua sakafu ya msitu, yaani udongo wake na mimea yake, wakaitandaza kwenye viwanja vya shule za awali vilivyokuwa vya kokoto. Watoto wa miaka mitatu hadi mitano wakachezea kwa siku 28. Bakteria wa ngozi zao wakawa wa aina nyingi zaidi, na kwenye damu yakaonekana mabadiliko katika seli zinazotuliza kinga ya mwili isivuke mipaka. Ulihusisha watoto 75 tu, kwa hiyo ni dalili, ushahidi mzito bado. Ila mzazi anayemkemea mwanawe asishike udongo aufikirie.

Mama Pacha

Umesema watoto nikasimama. Ina maana inaanza utotoni?

Kivulini

Ndiyo, mama. Denmark wana daftari la taifa linaloonyesha kila mtu aliishi wapi tangu kuzaliwa. Wakalilinganisha na picha za setilaiti kwa zaidi ya watu 900,000 waliozaliwa 1985 hadi 2003. Waliokua kwenye ukijani mdogo kabisa hadi kufikia miaka kumi walikuwa na hatari ya kupata magonjwa ya akili baadaye iliyozidi kwa hadi asilimia 55, kutegemea aina ya ugonjwa. Kipato cha wazazi na historia ya ugonjwa katika familia vilizingatiwa. Na miaka ilijumlika: aliyekaa miaka mingi kwenye ukijani alikingwa zaidi ya aliyekaa miaka miwili.

Nipe Ushahidi

Nimerudi. Nimekubali kwamba kuna kitu. Lakini wameshawaahidi miche, tena mingi. Shida iko wapi?

Kivulini

Hapo ndipo nilipotaka tufike, mkuu.

Portland, Marekani, kuna shirika lisilo la kiserikali liitwalo Friends of Trees, lililoweka kumbukumbu za kila mti lililoupanda kandokando ya barabara na mwaka wake. Kuanzia 1990 hadi 2019 ni miti 49,246. Donovan huyohuyo na wenzake wakalinganisha kumbukumbu hizo na vifo, eneo kwa eneo. Palipopandwa miti zaidi vifo vilikuwa vichache. Kilichonishika ni umri: uhusiano na miti ya miaka 11 hadi 15 ulikuwa mara mbili ya ule wa miti ya mwaka mmoja hadi mitano. Mti unaongeza kazi kadiri unavyozeeka.

Sasa fikiria mama yangu. Mche ukipandwa leo, akiwa na bahati, utaanza kumfaa akiwa na miaka tisini. Kivuli cha mti hupimwa kwa upana wa majani yake, na miche ishirini yenye urefu wa goti haifuniki hata bao la drafti. Wanaotuambia "tutapanda mingi zaidi" wanahesabu mashina. Tungehesabu majani, hesabu ingekataa siku ya kwanza. Na miche inakufa, hasa isipopewa maji kwenye kiangazi chake cha kwanza na cha pili.

Sipingi miche. Nasema ipandwe kwa ajili ya watoto wa Mama Pacha, na mikubwa iachwe kwa ajili ya walio hai leo.

Kitu kingine kinachoniuma: anayeumia zaidi ni asiye na kitu. Watafiti Richard Mitchell na Frank Popham walichapisha katika jarida la tiba la Lancet mwaka 2008 uchambuzi wa watu karibu milioni 41 wa England walio chini ya umri wa kustaafu. Kwenye maeneo yenye ukijani mdogo kabisa, kiwango cha vifo cha maskini kilikuwa karibu mara mbili ya cha wenye nafasi (mara 1.93). Kwenye maeneo yenye ukijani mwingi pengo lilishuka hadi mara 1.43. Tajiri akikosa mti ana kiyoyozi na gari la kumpeleka ufukweni. Asiye nacho, mti wa mtaani ndio kiyoyozi chake.

Mpangaji

Naongezea la upande wa pili, kaka. Mtaa ukipendezeshwa, kodi inapanda na sisi wapangaji tunahama. Miti inabaki inawapoza wengine. Hilo nalo lisemwe kabla watu hawajashika majembe.

Kivulini

Lisemwe, tena kwa sauti. Ndiyo sababu napenda miti michache michache mahali pengi kuliko bustani moja kubwa ya kifahari. Kivuli kilichosambaa hakivutii madalali kama bustani yenye chemchemi. Lakini bila ulinzi wa wapangaji, sina jibu la kukupa litakalokutosha.

Fundi Bomba

Sasa tupimeje mtaa wetu?

Kivulini

Kuna kanuni nyepesi ya mtaalamu wa miti ya mijini, Cecil Konijnendijk, ya mwaka 2021, ya 3, 30 na 300. Kutoka nyumbani uone angalau miti mitatu mikubwa, matawi yafunike asilimia 30 ya mtaa, na uwanja wa kijani usiwe mbali zaidi ya mita 300. Kwetu nimepima. Uwanja uko mita 90, ingawa sasa ni wa magari. Kutoka dirisha la mama inaonekana miti miwili, ile yenye rangi nyekundu.

Kivulini

Wakuu, mrejesho. Tulikwenda kwenye kikao cha mtaa kuhusu yale maegesho watu 14, na mama akiwemo na fimbo yake. Sikusoma tafiti zote hizi, nilisoma ile ya Portland na kuwaomba waliokiendesha waje waguse ule ukuta usiku. Wawili walikuja kweli.

Mti mmoja umepona. Mistari ya maegesho imesogezwa na nafasi nne za magari zimefutwa. Wa pili utakatwa, mizizi imeingia kwenye bomba la majitaka na fundi aliyechimba alituonyesha ilivyolipasua, hatukuwa na la kusema. Miche kumi na miwili imepandwa na tumegawana zamu za kuimwagilia kwa nyumba. Mama amechagua ule wa pili kutoka kona, kila Jumanne na Ijumaa. Leo alfajiri alibeba kopo mwenyewe, akakataa nimsaidie, kisha akaenda kukaa chini ya ule mti uliobaki. Alikuta mwenzake mmoja ameshatangulia.